Hatua za Kumsikia Baba

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Huku wazima, isipokuwa goti la Mama ambalo kila asubuhi lina habari zake mpya. Nakuandikia kwa sababu simu ya kituo chenu ni ya kazi, na haya ninayotaka kukuuliza hayaishi kwenye simu. Halafu nataka unichoree.

Unajua kwamba tangu tulipomzika Baba nimerudi hapa kukaa na Mama, mwaka na miezi minne sasa. Chumba alichokuwa anapigia chapa ndicho karakana yangu ya makochi. Mtambo wake tuliuza, lakini harufu ya wino haitoki hata nikifungua madirisha yote. Wateja wanadhani napaka kitu kwenye vitambaa. Wiki iliyopita nilisogeza kabati la sebuleni nikakuta boksi la kaseti zake. Ziko tisa, kila moja ina kikaratasi alichokipiga chapa mwenyewe, herufi zimenyooka utadhani zinakaguliwa. Nane ni nyimbo alizorekodi kutoka redioni. Ya tisa ina namba na tarehe tu. Tarehe yenyewe ni siku sita kabla hajafa.

Nikaitia kwenye mashine ya sebuleni. Unaikumbuka, ile deki ya kaseti, amplifaya yenye kioo kilichopasuka, na spika mbili tulizokatazwa kuwekea vikombe juu yake. Nilichosikia ni mvumo kama wa friji, na chini ya mvumo Baba anaongea. Ni yeye, sina shaka, nimemjua kwa kikohozi. Lakini maneno hayashikiki. Mtu anaongea amejifunika blanketi, ndivyo inavyosikika.

Dada, sitazunguka. Siku niliyokataa kurithi chapa nikaenda kujifunza makochi, Baba aliniambia nisikanyage hapa mpaka aniite. Nikasubiri miaka sita. Sikuitwa. Nilipokuja nilikuta jeneza. Nataka kujua kama kwenye hii kaseti amenitaja. Akiwa amenitukana, sawa, nitajua kwamba alinitukana na nitaendelea na kazi zangu. Nisichoweza ni kula na kulala katika nyumba yake bila kujua.

Wewe ni fundi mitambo wa redio, na mwezi ule wa mwisho ulikuwa hapa kwa likizo. Alikuwa anasema nini? Na kama hukumbuki, basi nipangie. Nianze kubadilisha nini kwenye hii mashine, kisha nini, mpaka Baba asikike? Vyote kwa mpigo siwezi, ila hatua kwa hatua nitafika.

Mdogo wako,
Sponji


13 Februari

Sponji wangu,

Marahaba. Barua yako imefika na kipande cha uzi wa kochi ndani. Sijui ni zawadi au ni uchafu, nimekiweka mezani mpaka nijue.

Kuhusu kaseti, Baba siku zile alikuwa anarekodi mambo mengi. Mara anasoma gazeti kwa sauti, mara anahesabu karatasi alizobakiza. Siwezi kukumbuka kila neno. Betri za rekoda yake ndogo zilikuwa zimechoka, ndiyo maana sauti imezama. Usitegemee makubwa, nisije nikalaumiwa.

Sasa tuje kwenye mashine, maana hapo ndipo ninapoongea nikasikilizwa. Watu wakitaka sauti nzuri hukimbilia dukani. Wewe usinunue kitu. Spika zako zimebanwa ukutani tangu tukiwa watoto, na ukuta unaongeza mvumo. Zitoe ukutani kwa urefu wa mkono wako. Ziinue mpaka koni ile ndogo ya juu ifike usawa wa sikio lako ukiwa umekaa. Zigeuze kidogo zikuangalie. Nimekuchorea nyuma ya karatasi, hicho kiduara chenye tumbo ni wewe. Halafu tandika kitu kizito sakafuni na utundike kingine ukutani, chumba kiache kurudisha sauti. Mtu mwenye karakana nzima ya sponji hawezi kuniambia hana cha kutandika.

Hiyo ni hatua ya kwanza. Baadaye tutakuja kwenye nyaya, kisha masanduku ya spika, amplifaya mwisho. Usiruke hatua, na usibadilishe vitu viwili siku moja, maana hutajua ni kipi kilichokusaidia. Kila hatua sikiliza wiki mbili, ndipo uniandikie. Deki usiiguse kabisa. Deki ni kitu laini, ukiifungua umeiua.

Msalimie Mama. Mwambie goti alipashe maji ya moto, asilisikilize sana.

Dada yako


27 Februari

Dada,

Shikamoo. Kumbe sauti nayo ni ya kushonwa!

Spika nimeziinua juu ya fremu mbili za makochi ambayo wenyewe hawajaja kuyachukua. Mama aliingia akauliza, "Tunahama au wanahamia?" Nimetandika sponji ya inchi nne sakafuni, juu yake zulia, na ukutani nimetundika lile pazia zito la kijani. Sebule imekuwa kimya hadi nasikia saa ya jirani. Mvumo umepungua karibu nusu. Mwanzoni nilidhani nimezima mashine kwa bahati mbaya.

Sikiliza sasa nilichovuna kwenye namba tisa. Kuna kijiko kinazungushwa kwenye kikombe. Kuna kiti kinalia, na ni kile cha mbao cha chumbani kwa Baba, nimekwenda kukikalia ili kuhakikisha. Nje kuna mtu anapiga kengele ya baiskeli mara tatu. Baba ananyamaza mpaka baiskeli ipite, ndipo anaendelea. Unamwona? Hata mgonjwa, hakubali kitu kichafue kazi yake. Ila maneno yenyewe bado. Nashika sauti inavyopanda na kushuka, na najua sasa hasomi gazeti. Mtu hasomi gazeti namna ile.

Jambo jingine. Nikiweka kaseti ya nyimbo, Mama anaimba jikoni. Nikibonyeza namba tisa tu, anakumbuka nguo za kuanua. Jana hata hatukufua. Dada, Mama ananipikia, ananiuliza nimelalaje, lakini kuna kitu. Ananiangalia kama mimi ninavyoangaliwa na mteja ambaye kochi lake halikuwa tayari siku niliyoahidi. Nimemuuliza kama nimemkosea. Amesema, "Wewe kula."

Na wewe usinicheke, nina swali. Fundi wa redio mzima ulikuwa nyumbani, ikawaje kaseti ikarekodiwa vibaya hivi? Ile rekoda ndogo aliyokuwa anaitumia iko wapi? Nimepekua kabati zote. Na lini utakuja? Tangu mazishi likizo zimepita mbili hatujaona hata kivuli chako.

Sponji


9 Machi

Sponji,

Nimecheka peke yangu mbele ya mitambo, mkubwa wangu akadhani kuna kitu kimeungua. Kumbe umekwenda kukikalia kiti! Kwa masikio hayo ningekuajiri.

Rekoda nilikuja nayo huku. Iliharibika, nikaitoa vipuri. Kuhusu likizo, kituo kina watu wawili tu wa zamu na mmoja wao ndiye mimi.

Nyaya ulizo nazo zinatosha, nimeangalia mchoro uliouweka nyuma ya barua yako, kwa hiyo tunaingia hatua ya masanduku. Zile spika ni nzuri, ila masanduku yake ni mbao nyembamba, yanatetemeka na kuongea pamoja na anayeongea. Tengeneza mapya. Tumia plaiwudi nene kuliko unayodhani inatosha. Kila kona itie gundi na skrubu, misumari usiiguse, na pasiwe na upenyo hata wa kupitisha karatasi. Ndani weka sponji kwa wastani. Ukijaza kupita kiasi, sauti itakosa hewa. Vipimo viko nyuma. Piga kwa kifundo cha kidole ukimaliza. Likilia kama ngoma, ongeza mbao ya kukingama katikati. Likilia kama ukuta, umeshinda.

Kazi hii usiikimbize. Hata ikikuchukua mwezi, ni mwezi mzuri.

Mama mwache. Kila mtu ana namna yake ya kuomboleza.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Yamelia kama ukuta.

Nimeyavika kitambaa cha rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, mshono umepita nyuma, hauonekani. Mteja mmoja alikuja kuchagua foronya akataka kununua moja akidhani ni meza. Nikamwambia hiyo meza inaimba. Nikamwekea kaseti ya tatu, akasimama pale na foronya mkononi mpaka upande wa kwanza ukaisha. Ninakwambia ukweli, sijawahi kufurahia kitu nilichokitengeneza namna hii. Kochi ukilimaliza watu wanakalia tu. Masanduku haya, watu wananyamaza.

Namba tisa nimeisikiliza kila siku baada ya chakula cha mchana. Sasa sauti ya Baba ina kifua, ina pumzi, nasikia hata anapolamba midomo kabla ya kusema. Ila bado maneno yamefunikwa. Herufi zenye makali zote zimekatwa, zimebaki zile za mviringo. Nimeelewa lakini jambo moja jipya. Baba hayuko peke yake. Kuna mtu anamjibu, mwanamke, maneno mawili matatu. Anajibu mara mbili.

Nikaenda jikoni nikamuuliza Mama kama ni yeye. Akaniangalia sana. Akasema, "Siku zile mimi nilikuwa naandaa chumba." Nikamuuliza chumba cha nani. Akachukua beseni akaenda kuanua nguo.

Chumba cha nani, Dada? Nani alikuwa anakuja?

Sponji


10 Aprili

Sponji,

Nafurahi masanduku yamekubali.

Huyo mwanamke anaweza kuwa mimi, labda namletea dawa. Nilikuwa naingia na kutoka. Habari za chumba sijui, Mama siku hizi anachanganya tarehe.

Hatua inayofuata ni amplifaya, lakini usinunue ya huko, utauziwa bati. Nitakuletea mwenyewe nikipata likizo, Agosti au pengine Desemba. Kwa sasa ipumzishe hiyo kaseti. Utepe unachakaa kila unapopita, na huo ni mmoja tu.

Dada yako


19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Desemba! Mpaka Desemba nitakuwa nimeota mvi masikioni.

Usikasirike, nimepata njia ya mkato. Unamjua yule mzee wa kona ya sokoni, anayeitwa Daktari wa Redio, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kipajini? Ameniletea kochi lake nilivishe upya. Nikamhadithia mashine yangu na hatua zako zote, akawa anatikisa kichwa kama anayekula kitu kitamu. Jumamosi ijayo anakuja kulichukua kochi, amesema ataitazama na deki hapo hapo. Nimemwambia dada yangu amekataza isifunguliwe. Amesema haifungui, anaichungulia tu.

Jumatatu nitakuandikia alichoona. Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi, unaumwa?

Sponji


25 Aprili

Sponji,

Barua yako imefika leo Ijumaa. Naomba usimruhusu huyo mzee aguse deki. Hawa wa sokoni wanachokonoa wasichokijua. Nakuomba kama dada yako. Mwambie aje siku nyingine. Nitatafuta ruhusa hata ya siku tatu nije mwenyewe, mwezi huu huu, na tutaisikiliza pamoja. Kuna jambo nataka nikueleze kabla hujasikia. Nisubiri.

Dada yako


28 Aprili

Dada,

Barua yako ya tarehe ishirini na tano imenikuta leo Jumatatu. Umechelewa kwa siku mbili.

Daktari wa Redio alikuja Jumamosi saa tano asubuhi. Hakufungua kitu. Alichukua pamba na spiriti akasafisha kile kichuma ambacho utepe unapita, anakiita kichwa. Akaniuliza kaseti ilirekodiwa na mashine hii au nyingine. Nikasema nyingine, rekoda ndogo. Akaniuliza, "Na aliyekuambia uanze na spika, ukafuata masanduku, deki usiguse, ni nani?" Nikasema kwa maringo kabisa, ni dada yangu, fundi mitambo wa redio.

Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akanionyesha skrubu ndogo pembeni ya kichwa, ndogo kuliko punje ya mchele. Akasema kaseti ya mashine moja ikichezwa kwenye mashine nyingine, kichwa kinaweza kuwa kimeinama kidogo, na maneno yanafunikwa. Fundi yeyote huanza hapo. Akasema, "Aliyekupangia ameanzia mkiani, na kichwa akakukataza. Mtu wa redio hakosei hivi kwa bahati mbaya." Kisha akatia bisibisi, akageuza. Hata robo ya mzunguko haikufika.

Baba akatoka kwenye blanketi. Nakuandikia maneno yake, ingawa wewe unayajua kuliko mimi.

Anauliza habari ya rekoda, "Taa yake inawaka?"

Wewe unajibu, "Inawaka, Baba."

Anasema, "Haya. Kesho ukipita mjini, mpigie mdogo wako. Mwambie nimemwita. Asije na maneno, aje tu." Inapita baiskeli. Anasubiri. "Nilipokwenda kung'olewa jino nilikalia kochi lake pale kwa daktari. Nikawaambia wanisaidie kuligeuza chini. Nimeukagua mshono wote, mpaka pale ambapo mtu haoni. Hakuna alipodanganya. Mwambie nimeuona."

Wewe unajibu, "Nitamwambia, Baba. Kesho."

Basi. Baada ya hapo ni kijiko na kikombe.

Daktari wa Redio aliondoka bila kochi lake. Nadhani aliona haya kwa ajili yangu. Nikamwona Mama amesimama mlangoni, mikono mitupu, hana beseni wala nguo. Akaniuliza, "Uliambiwa?"

Nikasema, "Sikuambiwa, Mama."

Akasema, "Mwanangu, usinidanganye leo."

Nikamwapia. Ndipo akaniambia kwamba wewe ulirudi kutoka mjini ukasema umenipata kwenye simu, na mimi nimejibu nitakuja nikipata nafasi. Ukamwambia yeye, ukamwambia na Baba. Mama akatandika kitanda kwenye chumba changu. Kila gari likipunguza mwendo nje, Baba anauliza kama ni mimi. Siku tano! Mama amekaa mwaka mzima na nusu na mtoto anayeamini kwamba aliitwa na baba yake mgonjwa akajibu akipata nafasi. Na bado alinipikia. Mazishini aliogopa kuniuliza, asije akasikia jibu.

Na simu ya kunijulisha kwamba Baba amefariki ilinifikia kule nilikokuwa naishi, duka la jirani, ndani ya saa moja. Namba mlikuwa nayo, Dada. Wewe ndiye uliyepiga.

Mama alikaa kwenye kochi karibu yangu akaniambia nirudishe mwanzo. Tumeisikiliza mara nne. Alikuwa amenishika mkono kwa nguvu mpaka pete yake imeniacha alama.

Nina swali moja tu. Kwa nini?

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara najikuta nakueleza mambo ya simu kuharibika. Simu haikuharibika. Nilisimama mbele yake, namba ikiwa mkononi, nikaondoka.

Utaniuliza kwa nini na mimi nitakujibu kama ilivyo, hata kama inanuka. Kila likizo kwa miaka sita ni mimi niliyekuja. Ni mimi niliyemkata kucha, niliyembadilishia redio, niliyemletea hiyo rekoda. Nimefunga mitambo inayosikika mikoa mitatu, na Baba hakuwahi hata siku moja kuniuliza inafanyaje kazi. Halafu anapata nguvu ya kukaa kitandani, ananiambia niwashe rekoda, nami nikaiweka karibu na mdomo wake nikidhani sasa ananiachia neno langu. Akakutaja wewe. Wewe uliyeondoka. Aligeuza kochi zima chini kukagua mshono wako. Mimi hakuwahi kunikagua.

Nilisema moyoni, nipe siku mbili. Siku mbili awe baba yangu peke yangu, ndipo nikupigie. Nilijua ukija chumba kitajaa wewe. Niliporudi kutoka mjini Mama akaniuliza mbele ya Baba, "Umempata?" Nikasema nimempata. Neno lilitoka kabla sijalitazama. Baada ya hapo kila nilipotaka kupiga, ningelazimika kwanza kusema nilidanganya. Nikasema kesho. Siku ya sita hakukuwa na wa kumwitia.

Alikufa akiamini uko njiani. Sisemi hilo ili unipunguzie. Nasema kwa sababu ni kweli na unastahili kulijua. Hakufa akiwa amekununia.

Hatua nilizokupangia zilikuwa za kweli. Hayo masanduku yako yanazidi ya studio yetu. Nilichodanganya ni mpangilio, nilitaka uchoke kabla hujafika kwenye kichwa. Lakini mwishoni kulikuwa na kitu kingine pia, na hiki naona aibu zaidi kukisema. Nilizoea barua zako. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu kwa hamu ile, akafanya nilivyosema, akarudi kunihadithia. Nikawa natafuta hatua nyingine ili uendelee kuniuliza.

Rekoda haikuharibika. Iko kwenye droo yangu, naituma na barua hii. Kaseti ningeweza kuichukua siku ile ya mazishi na usingejua kamwe. Niliishika. Nikashindwa, ni sauti yake.

Sikuombi unisamehe. Naomba umwambie Mama kwamba nilidanganya mimi, si wewe, umwambie kila siku mpaka amalize kuamini. Na kama hataki nije, nitaelewa.

Dada yako


18 Mei

Mdogo wangu,

Sijapata jibu. Sikulaumu. Niambie tu kama rekoda imefika salama.

Dada yako


30 Mei

Mdogo wangu,

Leo fundi mwenzangu alikuwa anaweka kaseti nikasikia maneno yamefunikwa. Nikamwambia aanze na skrubu ya kichwa. Nilitoka nje nikalia. Hilo tu.

Mwambie Mama naulizia goti.

Dada yako


11 Juni

Dada,

Mama amesema uje.

Amesema saa nne na dakika kumi, anakata vitunguu, mgongo kanipa. Amesema, "Mwambie aje." Sasa ni saa nne na nusu, naandika nimesimama.

Rekoda ilifika. Barua zako zote zilifika, nimezisoma, na sikujibu kwa sababu sikuwa na jibu ambalo ungependa kulisoma. Bado sinalo. Nina hasira nawe, Dada, na ukifika utaiona usoni kwangu, usije ukashangaa mlangoni. Lakini hayo ni yangu na yako, tutayamaliza wenyewe. Hili ni la Mama, na nimelileta kama lilivyotoka.

Nimekimbia duka la jirani nikapiga simu ya kituo chenu. Aliyepokea amesema uko zamu, atakuambia. Nimemshukuru. Kisha nikarudi kuandika hii, naipeleka posta mwenyewe, ije ikukute hata kama hakukuambia.

Sponji